Daftari Lisilo na Tarehe

Julai, Makete. Maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu.
Dawa za kupimia nazitoa kwenye friji kwa mazoea tu,
maana ndani yake na nje yake ni baridi ileile.

Wa kwanza ni Tweve, mlanguzi wa viazi.
"Kamwene, mtaalamu. Kichwa kinapasuka. Niandikie taifodi."
Mwaka jana aliandikiwa. Mwaka juzi pia.
Namchoma. Mashine inazunguka ikiguna kama kibarua asiyelipwa,
natenga yale majimaji ya manjano,
tone kwenye kigae cheupe, tone la dawa juu yake,
nakitikisa taratibu, kushoto, kulia,
hadi chenga zinashikana kama maziwa yanayoanza kuganda.
Anachungulia begani kwangu: "Si unaona? Ipo."

Ipo, Tweve. Lakini ya lini?
Damu ni karani mwaminifu asiyejua kalenda.
Kila mgeni aliyebisha hodi imemwandika,
aliyelala na aliyefukuzwa mlangoni,
majina yote, bila siku hata moja.
Majivu ya mwaka jana na moshi wa asubuhi hii
kwenye kigae changu vina rangi moja.

"Rudi baada ya wiki mbili, nilinganishe."
Anacheka. Wiki mbili! Lori lake litakuwa Tunduma.
Anashika njia ya duka la dawa.
Simlaumu. Zipo siku, foleni ikifika kwenye mikaratusi,
nami niliandika walichotaka.

Kisha Ezelina Mahenge, kutoka ng'ambo ya bonde,
mgongoni Otmari wa miezi tisa
ndani ya sweta la bluu la marehemu mama yake,
mikono imekunjwa mara nne na bado inaning'inia.
Mama alizikwa Februari.
Mwezi uliopita, gulioni, kijana mwenye sanduku la vipimo
alimchoma mtoto kisigino,
mistari miwili ikachomoza.
Tangu hapo bibi hajashika jembe.
"Nilime, nimlimie nani?"

Nilisomea neno kingamwili. Nililitamka.
Likaanguka katikati yetu, hakuna aliyeliokota.
Nikashika sweta.

"Hili la nani?"
"La mama yake."
"Ukiliona kwa mbali, ukungu umeshuka, unaona bluu tu,
utasema nani anakuja?"

Akanyamaza. Akamfuta mtoto pua kwa upindo wa kitenge.

"Mama alimfumia kinga tumboni, kwa uzi aliokuwa nao.
Kipimo cha gulioni kiliona sweta.
Aliye ndani hakikumwona."

"Litachakaa lini?"
"Mwaka na nusu, tangu azaliwe."
"Na chini yake kuna nini?"

Hapo ndipo kazi yangu inaponiacha peke yangu.
Nikasema, sijui bado.
Nikadondosha damu ya kisigino kwenye karatasi
iende Mbeya, kwenye mashine inayomsaka mdudu mwenyewe,
si nyayo zake.
Basi liliondoka na bahasha. Mvua zikakata barabara.
Jibu lilirudi limelowa, wino umetambaa,
namba ya mtoto inasomeka, neno la mwisho halisomeki.
Tukatuma nyingine. Huko nako dawa ziliisha.

Aprili, matope hadi magotini.
Otmari anaingia kwa miguu yake,
mikono ya sweta sasa imekunjwa mara mbili.
Namchoma kidole. Analia kwa hasira, si kwa maumivu.
Mstari wa kwanza unakuja upesi;
huo ni wa kipimo kujitambulisha, hausemi lolote.
Dakika kumi na tano kwenye saa ya ukutani.

Bibi haangalii kipimo. Ananiangalia mimi,
nami najaribu kuwa na uso usioandikwa kitu.
Katikati yetu Otmari amechoshwa na joto la jiko la mkaa,
anavuta sweta juu, limemkwama kichwani,
anahangaika humo gizani, hatujamsaidia,
tumbo wazi, tupu, linapumua.